Ng'ombe wa Nchi za Maziwa

Waswahili husema ng'ombe haelemewi na nunduye. Methali hii ni nzuri, lakini ilizaliwa kwa watu waliozoea kumwona zebu, yule ng'ombe mfupi wa nundu kubwa na pembe fupi aliyeenea sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya. Lau ingezaliwa huku kwetu Karagwe, magharibi ya Ziwa Viktoria, wazee wangesema kwamba ng'ombe haelemewi na pembeze. Maana ng'ombe wa asili wa huku nundu yake ni ndogo, na kwa jike pengine usiione kabisa. Mzigo wake uko kichwani.

Katika vitabu ng'ombe huyo huitwa Ankole. Jina hilo limetokana na ufalme wa Nkore, kusini magharibi ya Uganda ya leo, ambao Waingereza waliupanua kwa kuunganisha nchi jirani na kuuita Ankole katika mkataba wa mwaka 1901. Lakini ng'ombe mwenyewe hakuwa wa Nkore peke yake. Alikuwapo Rwanda, Burundi, Buha, Karagwe, Kivu na Ituri tangu kale, kabla ya mzungu yeyote kuchora mpaka. Mimi napenda kumwita ng'ombe wa nchi za maziwa, na msomaji alichukue neno hilo kwa maana zake zote mbili: maziwa yanayojaa maji na maziwa yanayojaa kibuyu.

Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba anapungua mbele ya macho yetu. Ya pili ni nzito zaidi. Asili ya ng'ombe huyu ilipata kuchanganywa na asili ya watu, na mchanganyiko huo wa mawazo ukaja kuwaua watu wengi. Kwa hiyo si jambo dogo kujua ng'ombe huyu alitoka wapi.

Nianze na umbo lake. Pembe hutoka kichwani zikiwa nene, zikatanuka kando, zikapanda juu, kisha ncha zikageuka ndani kidogo kama mikono ya mtu anayepokea mtoto. Umbali kati ya ncha na ncha huweza kupita mita moja na nusu, na wapo wachache waliofika mita mbili na kuzidi. Huko Arkansas, Marekani, maksai mmoja wa uzao huu aliyeitwa Lurch alipimwa mwaka 2003, na mzunguko wa pembe yake penye shina ukawa sentimita 95.25. Kitabu cha rekodi za dunia kikamwandika. Hata hivyo pembe hizo si nzito kama zinavyoonekana, kwa sababu mfupa wa ndani una vishimo vingi kama sega la nyuki. Humo hupita mishipa ya damu, na wataalamu hueleza kwamba damu inayozunguka ndani ya pembe hupoa kwa upepo kabla ya kurudi mwilini, na hivyo ng'ombe hustahimili jua.

Maelezo hayo nayakubali, lakini naona hayatoshi. Zebu anaishi Somalia na Ugogo, kwenye joto kali kuliko vilima vya Karagwe au Nkore, na pembe zake ni fupi kama vidole. Ikiwa ni joto tu ndilo lililorefusha pembe, yeye ndiye angekuwa nazo. Kwa maoni yangu, pembe ndefu zilikuzwa zaidi na macho ya watu. Mfugaji wa nchi za maziwa alipochagua fahali wa kupanda majike yake, alitazama pembe kabla ya kutazama kitu kingine. Fahali wa pembe mbovu alihasiwa au alichinjwa. Ukifanya hivyo kwa mamia ya miaka, kundi zima hufuata jicho lako. Ng'ombe huyu ni kazi ya mikono ya watu, kama vile mtumbwi au ngoma.

Rangi nazo zilichaguliwa hivyo hivyo. Walio wengi ni wekundu, wekundu wa udongo mbichi au wa kahawia iliyoiva, lakini wapo weusi, weupe, wa kijivu na wa madoadoa. Lugha za huku zina majina mengi ya rangi za ng'ombe. Bihogo ni mwekundu aliyekolea, gaju ni yule mwenye rangi hafifu zaidi, ya hudhurungi. Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote wa maneno ya bahari, upepo na mashua, hapa hukwama. Ukitaka kumweleza mtu wa Bagamoyo tofauti ya ng'ombe hao wawili itakubidi utumie sentensi nzima, ambapo mchungaji angetumia neno moja.

Sasa ugumu wake. Ng'ombe huyu hutembea mwendo mrefu kufuata maji na majani. Hula nyasi kavu ambazo ng'ombe wa kisasa angezinusa tu na kuziacha. Ndama wake huzaliwa mdogo, kwa hiyo mama huzaa bila shida, wala hahitaji mtu wa kumvutia ndama usiku wa manane. Ndama aliyezaliwa katika nchi yenye kupe na akanusurika utotoni hupata kinga dhidi ya ndigana kali, ugonjwa unaomaliza ng'ombe wageni haraka. Lakini nisimpambe kupita kiasi. Mbele ya mbung'o hana ujanja, nagana humwua. Na ndiyo maana makundi yake yalikaa kwenye nyanda za juu na mbuga wazi, yakikwepa misitu na vichaka. Maziwa yake pia ni machache. Lita mbili au tatu kwa siku, baada ya ndama kunyonya, ni wastani wa kuridhisha. Ila ni maziwa mazito yenye mafuta mengi, na samli yake ndiyo inayopikiwa eshabwe, mchuzi mweupe wa karamu kwa watu wa Ankole.

Je, alitoka wapi?

Wataalamu humweka katika kundi waliloliita sanga, yaani ng'ombe wa Afrika waliotokana na mchanganyiko wa aina mbili. Aina ya kwanza ni ng'ombe wasio na nundu, ambao wazazi wao walifugwa kwanza Mashariki ya Karibu yapata miaka 10,000 iliyopita, wakaingia Afrika kupitia Misri, na humo wakachanganyika na ng'ombe mwitu wa Kiafrika. Hao ndio tunaowaona wamechorwa kwenye miamba ya Tassili, katikati ya Sahara, wakati Sahara ilipokuwa bado na majani. Na ndio waliochorwa katika makaburi ya Misri wakiwa na pembe zilizopinda kwa uzuri. Mtu wa Karagwe akionyeshwa picha za makaburi hayo atadhani ni za kwao. Aina ya pili ni zebu mwenye nundu, aliyefugwa kwanza katika bonde la Indus, huko Pakistani ya leo. Picha zake zaanza kuonekana Misri yapata miaka 4,000 iliyopita, lakini alikuja kwa wingi baadaye sana, hasa kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, kupitia Pembe ya Afrika na pwani yetu.

Uchunguzi wa damu, yaani wa chembe za urithi, umeonyesha jambo la kuvutia. Urithi unaopita kwa mama peke yake, kwa karibu ng'ombe wote wa Afrika, ni ule wa ng'ombe wa zamani wasio na nundu. Lakini urithi unaopita kwa baba, hasa upande wa mashariki ya Afrika, umejaa zebu. Kwa lugha nyepesi, mafahali walikuja na majahazi, na majike walikuwa nyumbani. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza ng'ombe 172 wa asili wa Afrika walikadiria kwamba mchanganyiko mkubwa ulitokea takriban miaka 1,000 iliyopita. Kabla ya hapo wengi walidhani ng'ombe wa sanga walikwisha kuwa kamili huko Ethiopia miaka maelfu kabla, wakashuka kusini wakiwa kama tunavyowaona leo.

Msomaji wa pwani huenda akatabasamu, kwa maana mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa zamani Mtwapa, Manda, Kilwa na miji mingine ya Waswahili, nao ukaonyesha habari inayofanana: akina mama wengi wao Waafrika, na akina baba wengi waliotoka ng'ambo, hasa Uajemi, na mchanganyiko kuanza yapata mwaka 1000. Sisemi hivi kwa kuwalinganisha watu na mifugo. Nasema tu kwamba bahari ile ile na pepo zile zile za kaskazi na kusi zilileta vyote viwili, na kwamba kila tunachokiita asilia, tukikichunguza vizuri, tutakikuta kilichanganywa na safari.

Katika nchi za maziwa kwenyewe, ushahidi wa zamani wa makundi makubwa uko Ntusi, magharibi ya Uganda. Hapo waliishi watu wengi kati ya miaka ya 1000 na 1400 hivi, wakaacha vichuguu vikubwa vya takataka na samadi vilivyojaa mifupa ya ng'ombe. Jirani yake kuna Bigo bya Mugenyi, mahandaki yaliyochimbwa kwa mikono, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 yakijumlishwa. Masimulizi yasema yalikuwa ya Wachwezi, watawala wa ajabu waliotoweka. Inasimuliwa kwamba Mugenyi alimpenda ng'ombe wake Bihogo hata akaapa kwamba Bihogo akifa naye atajiua. Na Bihogo akafa. Hadithi hii nilisimuliwa na bibi yangu utotoni, na kila aliposimulia alishusha sauti kwenye kifo cha ng'ombe kuliko alivyofanya kwenye vifo vya wafalme.

Lakini ninalotaka msomaji alikumbuke kuhusu Ntusi ni jambo lingine. Pamoja na mifupa ya ng'ombe, wachimbaji walikuta mawe ya kusagia nafaka na mashimo ya kuhifadhia. Watu wa Ntusi walilima na walifuga mahali pamoja. Huo ndio ushahidi wa ardhi yenyewe. Tutauhitaji baada ya muda mfupi.

Baada ya Wachwezi zilikuja falme ambazo majina yake yalidumu hadi kwenye vitabu vya shule: Nkore, Rwanda, Burundi, Karagwe na falme za Buhaya. Katika zote hizo ng'ombe alikuwa mali, mahari, fidia, shukrani na kiapo. Huko Nkore ngoma ya kifalme, Bagyendanwa, ilikuwa na ng'ombe wake yenyewe kana kwamba ni mtu. Huko Rwanda watu walisalimiana kwa kutakiana makundi: amashyo, na mwenzako akajibu amashongore, yaani yawe ya majike. Makundi ya kifalme ya Rwanda, ya ng'ombe walioitwa inyambo, yalifungamanishwa na vikosi vya askari, kila kikosi na kundi lake. Na padri mwanahistoria Alexis Kagame alichapisha mwaka 1961 kitabu kizima juu ya historia ya majeshi hayo ya ng'ombe. Walikuwapo washairi ambao kazi yao ilikuwa kuwasifu ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja. Buhaya nako, ambako watu ni wakulima wa migomba, ng'ombe alilala ndani ya nyumba na samadi yake ikarutubisha kibanja. Pasipo ng'ombe, migomba ile isingestawi kwa vizazi vingi kwenye udongo uleule.

Hapa Karagwe, ikulu ya Bweranyange ilikuwa na hazina ya vitu vya chuma, na miongoni mwake vilikuwamo vinyago vya ng'ombe wenye pembe ndefu, vimefuliwa na wahunzi hodari. Stanley aliviona alipomtembelea Mfalme Rumanyika mwaka 1876. Si mbali na hapo, Kafuro, Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao cha biashara. Ndiyo kusema Kiswahili kilikwisha kukutana na ng'ombe huyu mapema, na jina Watusi, ambalo leo Wamarekani wamempa ng'ombe huyu, liliingia katika vitabu vya Ulaya kupitia vinywa vya watu wa misafara.

Miaka kumi na mitano kabla ya Stanley, mwezi Novemba 1861, alifika kwa Rumanyika mgeni mwingine, John Hanning Speke. Alipokewa vizuri. Aliona watawala warefu, ng'ombe wengi, na wake wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa. Akajiuliza iliwezekanaje Waafrika kuwa na falme zenye utaratibu namna hii. Badala ya kujibu kwamba walizijenga, akajibu kwamba hawakuwa Waafrika hasa. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alitoa nadharia kwamba wafugaji hawa walikuwa taifa la wavamizi kutoka Ethiopia, walioshuka na ng'ombe wao wakawatawala wakulima. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa sura za watu na jinsi alivyoielewa Biblia. Waliomfuata wakaongeza pembe za ng'ombe: kwa kuwa pembe hizi zafanana na zile za makaburi ya Misri, basi na wenye ng'ombe walitoka huko.

Msomaji anaona kosa lilipo. Ng'ombe huweza kusafiri bila taifa kusafiri. Huibwa, huolewa kama mahari, huuzwa, hukopeshwa. Huvuka mikono hamsini kwa miaka mia tano, na kila mkono ni wa jirani wa karibu. Hata muhogo na mahindi vilitoka Amerika, wala hakuna anayedai kwamba Wamakonde walitoka Brazili. Na ng'ombe wenyewe, kama nilivyoeleza, hawakuja kwa uvamizi mmoja. Walichanganyika polepole, mama wa hapa na baba wa kule. Ntusi nayo yatuonyesha mkulima na mfugaji wakiishi pamoja.

Lakini nadharia ya Speke ilipendeza wakubwa. Wajerumani na kisha Wabelgiji waliitumia kutawala Rwanda na Burundi. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandikisha watu wa Rwanda na kuwapa vitambulisho vyenye neno Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na kilichokuwa hali ya maisha iliyoweza kubadilika kikawa damu isiyobadilika. Husimuliwa hadi leo kwamba mwenye ng'ombe kumi aliandikwa Mtutsi. Wapo wanahistoria wanaokataa kwamba kipimo hicho kilitumika hivyo, lakini kudumu kwa simulizi yenyewe kwaonyesha jinsi ng'ombe alivyogeuzwa kuwa hati ya ukoo.

Nirudi nyuma kidogo, maana kabla ya vitambulisho kulikuwa na pigo lingine. Mwaka 1887 sotoka iliingia Eritrea kwa bandari ya Massawa, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Ikateremka kusini. Kufikia 1890 na 1891 ilikuwa katika nchi za maziwa. Wanyarwanda waliiita muryamo. Mahali pengi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Mwaka 1897 ilifika Rasi, mwisho wa bara. Karagwe ya Rumanyika haikuinuka tena baada ya hapo. Mbuga zilizokuwa zikiliwa na ng'ombe ziliota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakazuia ng'ombe kurudi.

Mtu anayeona ng'ombe wa pembe ndefu leo anaona wajukuu wa yule mmoja katika kumi aliyesalia. Na walionusurika hawakuwa wa kila mtu. Huko Rwanda aliyekuwa na ng'ombe baada ya sotoka alikuwa na nguvu kuliko zamani, kwani waliofiwa na mifugo walilazimika kumwendea mkubwa na kuomba ng'ombe kwa masharti ya utumishi. Utaratibu huo uliitwa ubuhake. Ulikuwako tangu awali, lakini tangu wakati huo ulizidi kuwakaza wanyonge, hata Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa alipouondoa mwaka 1954. Wasifu wa ng'ombe husahau jambo hili. Ng'ombe yule yule aliyetungiwa mashairi alikuwa pia kamba shingoni mwa mtu.

Sotoka yenyewe ilishindwa hatimaye. Chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, karibu na Nairobi, ndiyo iliyofungua njia, na mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa. Ni ugonjwa wa pili katika historia kufutwa duniani, baada ya ndui.

Nadharia ya Speke haikupata chanjo. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa mmoja wa Rwanda, Léon Mugesera, alihutubia mkutano na kusema Watutsi watarudishwa kwao Ethiopia kwa njia fupi ya mto Nyabarongo. Miaka mia moja na thelathini na moja ilikuwa imepita tangu Speke akae barazani kwa Rumanyika, na neno Ethiopia lilikuwa bado linatumika. Nyabarongo humwaga maji yake katika mto Kagera, na Kagera hupita mpakani mwetu. Mwezi Aprili na Mei 1994 sisi wa nchi hii tuliona kilichokuja na maji. Watu wa ziwani waliacha kula samaki. Ng'ombe nao walichinjwa huko Rwanda makundi kwa makundi, si kwa njaa tu, bali kwa sababu walihesabiwa kuwa upande wa wenyewe.

Kwa hiyo ninaposikia mtu akieleza leo kwamba ng'ombe hawa waliletwa na taifa fulani kutoka mahali fulani, sikubali kukaa kimya. Jambo hili limekwisha kugharimu mno.

Baada ya mauaji yale, wakimbizi wa Kinyarwanda waliokuwa Uganda tangu 1959 walirudi kwao na mamia ya maelfu ya ng'ombe wa pembe ndefu. Nchi haikuwa na nafasi. Mwaka 1997 sehemu kubwa ya Hifadhi ya Akagera ilikatwa ili watu na mifugo wapate mahali. Upande wetu pia makundi yaliingia na kutoka, na mwaka 2013 serikali ya Tanzania iliendesha Operesheni Kimbunga kuwaondoa wageni wasio na vibali, wakiwemo wafugaji. Ng'ombe aliyezoea kufuata majani anaishi sasa katika dunia ya mipaka, hati na hifadhi, na hilo peke yake lingetosha kumpunguza.

Lakini kinachompunguza zaidi ni hesabu ya maziwa. Ng'ombe chotara wa Friziani, akilishwa vizuri, hutoa lita kumi au zaidi kwa siku. Mwenye eka mbili na watoto watatu shuleni hawezi kuishi kwa pembe. Mwaka 2006 serikali ya Rwanda ilianzisha mpango wa Girinka, maana yake uwe na ng'ombe, ambapo kila familia maskini hupewa jike mmoja, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai. Mpango huo umewabisha, na mamia ya maelfu ya familia zimenufaika. Ila jina ni la zamani na ng'ombe wengi wanaogawiwa ni wa kisasa. Huko Uganda ni hivyo hivyo, na vilima vya Mbarara vina rangi nyeusi na nyeupe mahali palipokuwa na wekundu.

Mwaka 2007, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Interlaken, Uswisi, wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mifugo yenye makao yake Nairobi walitoa onyo. Walieleza kwamba ukame ulipoipiga Uganda, wafugaji waliobaki na Ankole waliweza kuwatembeza mbali hadi kwenye maji, na wale waliokwisha kubadilisha wakawa na Friziani peke yao walipoteza makundi yao yote. Friziani anakupa maziwa mengi mwaka wa mvua, na katika mwaka wa jua kali ndipo thamani ya Ankole inapoonekana. Nasi tunaambiwa, na tunajionea, kwamba miaka ya jua kali inaongezeka.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakati sisi tunampunguza, wengine wanamtafuta. Marekani kuna chama cha kuandikisha uzao huu tangu 1983, kwa ng'ombe waliotokana na wale waliopelekwa kwanza katika bustani za wanyama za Ulaya. Cyril Ramaphosa alimwona Uganda mwaka 2004, shambani kwa Rais Museveni, akampenda hata akamfuga Afrika Kusini. Kwa kuwa serikali yake haikuruhusu kuingiza ng'ombe wenyewe, ilibidi mimba changa zichukuliwe Kenya na kupandikizwa. Mwaka 2017 alitoa kitabu cha picha zake. Leo huko fahali mmoja huuzwa mnadani kwa bei ambayo hapa ingenunua kundi.

Sisemi watu waache ng'ombe wa kisasa. Anayesema hivyo hana watoto wa kusomesha, au ana mshahara. Wala simlilii mfalme wala ubuhake. Ninachosema ni kwamba uzao uliojengwa kwa miaka elfu hauwezi kuundwa upya ukishapotea, hata fedha zikipatikana. Uganda inalitunza kundi maalumu katika ranchi ya Nshaara. Wilaya zetu za Kagera nazo zinaweza kufanya vivyo hivyo, na hata vijiji vinaweza kukubaliana kumlinda fahali mmoja safi, ili mwenye kutaka damu hiyo ajue pa kuipata. Gharama yake si kubwa. Tena majina ya rangi yaandikwe, wangali hai wanaoyajua, maana jina la ng'ombe ambaye hayupo halidumu kizazi kimoja.

Wajukuu wangu wanakunywa maziwa ya chotara, nami nayanywa pamoja nao. Katika ng'ombe wanne walio zizini mwangu watatu ni hao. Wa nne ni mtamba mwekundu, bihogo hasa, pembe zake bado hazijafika mkono mmoja. Hanipi maziwa, na jirani zangu hunishauri nimuuze. Nimewaambia nasubiri kwanza nione pembe zitageukia wapi.